Namna ya kufuatilia asili ya neno la mtaani: mfano wa "daladala"

Anayetaka kujua asili ya neno la mtaani aanze kwa kuandika ni nani wanaolitumia na wapi, kwa kuwa maana hubadilika kadiri neno linavyosafiri. Dar es Salaam na Zanzibar, "daladala" ni gari la abiria. Shinyanga, ukiita daladala, huenda ikasimama baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma ya mwendeshaji.

Kisha livunje neno. Ukiondoa mrudio unabaki na "dala", jina la zamani la shilingi 5, ambalo limetokana na "dola". Hapa wengi hukwama, maana dola ya leo hununuliwa kwa maelfu ya shilingi. Dawa ni kutazama viwango vya wakati ule: kabla ya Septemba 1949, pauni moja ya Uingereza ilikuwa sawa na takriban dola 4 za Marekani, na pauni hiyohiyo ilikuwa shilingi 20 za Afrika Mashariki. Gawanya, utapata shilingi 5 kwa dola. Waingereza wenyewe mitaani kwao waliziita shilingi 5 dola, kama ambavyo wazee wetu waliziita shilingi 20 pauni.

Baada ya hesabu, iulize sarufi kabla hujawauliza wapiga soga. Kiswahili hurudia idadi ili kuonyesha mgawo: "wape tano tano" maana yake kila mmoja apewe tano. Kwa maoni yangu, konda aliyening'inia mlangoni akiita "dala, dala!" hakurudia kwa sababu ya kelele za injini tu, bali alitangaza kwamba kila kichwa ni shilingi 5, nauli ya magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria kwa kujificha hadi serikali ilipoyaruhusu mwaka 1983, UDA, shirika la umma la mabasi ya Dar es Salaam, likiwa limeelemewa.

Mwisho, tafuta neno lenye historia ya aina hiyo. Nairobi, "matatu" lilitokana na nauli ya senti 30, yaani mapeni matatu ya senti 10, na ushahidi huo wa jirani unaipa nguvu hoja ya nauli. Usiivushe hoja hiyo, hata hivyo, hadi kwenye "bodaboda": mrudio upo, lakini neno lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako waendesha baiskeli waliwavusha watu kutoka boda hadi boda.