Mtoto anacheza tu, hana kitu: umpeleke kwa musawo (mhudumu wa afya) au ubaki nyumbani?

Kama uko na mtoto anakula vizuri, anakimbia, usiku analala, halafu mtu anakuambia umpeleke achekiwe tu, ni haki yako kuuliza achekiwe nini sasa. Taksi ni pesa, kazi ya siku nzima inapotea, na kule unakuta foleni ya watoto wanaokohoa. Lakini pia kuna magonjwa hayaleti homa wala kilio, yanakaa ndani ya mtoto anayecheza, na mengine ukiyakuta mapema yanatibika, ukichelewa yanakuacha na ulemavu. Kwa hiyo mimi naamua kwa maswali mawili: kwa umri huu kuna kitu ambacho kitaonekana tu mtoto akiangaliwa angali mzima? Na kikionekana, kuna la kufanya? Kama yote ni ndiyo, beba mtoto twende. Kama hapana, pesa hiyo nunua mayai na mukene (dagaa).

Tangu kuzaliwa mpaka miezi 18 hapo usifikirie mara mbili, nenda. Ratiba yetu Uganda iko wazi: akizaliwa BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio, kisha wiki 6, wiki 10, wiki 14, kisha miezi 9 surua na rubela pamoja na homa ya manjano, na miezi 18 dozi ya pili ya surua na rubela. Hiyo ya miezi 18 wengi wanaikosa kwa sababu miaka yote tulizoea kwamba miezi 9 ndio mwisho, mama anaweka kadi ndani ya sanduku na hairudi tena kuonekana mpaka siku ya nasari. Halafu Aprili 2025 chanjo ya malaria ilizinduliwa kule Apac, imepangwa kwa wilaya 105 zenye malaria nyingi, dozi 4: miezi 6, 7, 8 na 18. Kwa hiyo ule muda wa katikati ambao zamani mtoto hakuwa na safari yoyote sasa una safari, kama wilaya yako iko ndani muulize VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijiji chako. Kwenye vituo vya serikali ni bure, ada zilifutwa tangu 2001, na sheria ya chanjo ya 2017 inataka nasari na praimari waulize kadi kabla ya kumpokea mtoto.

Ila sindano peke yake si kumcheki mtoto, na hapa ndio nataka wazazi wenzangu tuamke. Kituo kikijaa, sista anachoma, anaandika, anaita mwingine. Usigombane naye, mwambie kwa upole, "Musawo, samahani, naomba tumpime uzito na urefu uandike kwenye kadi." Uzito wa siku moja hauambii mtu mengi, kitu cha maana ni ule mstari wa kwenye kadi: ukipanda na mwezi uliofuata ukapanda tena, sawa, ukilala miezi miwili mfululizo kuna shida hata kama mashavu bado yamejaa. Urefu ndio unasahaulika kabisa. Utafiti wa afya wa taifa wa 2016 ulikuta watoto 29 kati ya 100 chini ya miaka 5 wamedumaa, na kudumaa huwezi kukuona kwa macho nyumbani kwa sababu unamlinganisha na watoto wa jirani na wao pengine wako hivyohivyo. Kuanzia miezi 6 kuna pia ule utepe wa rangi wa mkono, VHT wengi wanao: kijani ni sentimita 12.5 kwenda juu, njano ni hatari inakuja, nyekundu ni chini ya 11.5 na hapo unaenda kituoni siku hiyohiyo.

Ukiwa hapo hapo, omba wamwangalie kichwa. Kichwa kinachokua haraka kuliko mwili, utosi umevimba, macho yanaangalia chini kama yamevutwa, hayo ni maji kwenye ubongo, na hapa kwetu mara nyingi yanakuja baada ya maambukizi ya siku za kwanza kabisa za maisha, homa ambayo ilipona na watu wakasahau. Mbale kuna hospitali ya CURE tangu 2001 inayowapasua watoto hawa, na madaktari wa nchi nyingine wamekuja kujifunza pale, kwa hiyo usikubali mtu akuambie ni uchawi au ni laana ya ukoo, kila wiki unayopoteza ubongo ndio unaumia. Macho nayo: kama mboni inang'aa nyeupe, hasa kwenye picha ya simu yenye flashi, usingoje tarehe ya chanjo, hiyo inaweza kuwa saratani ya jicho na hospitali ya macho ya Ruharo kule Mbarara wanaitibu. Kwa wavulana waulize kama korodani zote mbili zimeshuka, zisiposhuka kufika miezi 6 unahitaji daktari. Nyayo zilizopinda, hizo zianze kutibiwa wiki za kwanza kabisa, zinanyooshwa kwa plasta ngumu bila upasuaji mkubwa. Na fizi zikivimba mtoto akaharisha, jirani atakuambia ni ebiino (eti meno mabaya ndani ya fizi) zing'olewe. Tafadhali usikubali. Yale ni meno yake ya kawaida ambayo bado hayajaota, watoto wanavuja damu na kupata maambukizi mabaya kwa sababu ya kitu hicho, muulize sista kwanza, kuharisha kuna dawa yake.

Halafu sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Utafiti uliotolewa 2016 ulipima damu za watoto wachanga wa wilaya zote na ukakuta karibu 13 kati ya 100 wanabeba jeni hiyo ya urithi, yaani watoto wazima kabisa wasioumwa, na wengine wachache wana ugonjwa wenyewe ambao miezi ya kwanza haujionyeshi. Hiki kwangu ndicho kipimo ambacho kila mzazi angekiomba mapema, hasa kama mnatoka kaskazini, mashariki au Bundibugyo, kwa sababu mtoto akijulikana mapema anapewa dawa za kumkinga na maambukizi na malaria kabla mikono haijaanza kuvimba. Kinapimwa mara moja tu maishani, andika jibu kwenye kadi.

Kuhusu siku ya kwenda: usiamke tu ukaenda. Uliza kituo kinachanja siku gani, kwa sababu chupa ya BCG na ile ya surua ina dozi nyingi na ikishafunguliwa inatupwa baada ya saa 6, ndio maana sista anaweza kukuambia subiri watoto wafike wengi au rudi Alhamisi, si roho mbaya. Na mafua kidogo au kikohozi chepesi hakizuii chanjo, muoneshe tu sista aamue yeye.

Baada ya miezi 18 mpaka miaka 5 safari zinapungua. Kuna Aprili na Oktoba, siku za afya ya mtoto, vitamini A kwa miezi 6 mpaka karibu miaka 5 na dawa ya minyoo kuanzia mwaka 1 mpaka 14. Mara mbili kwa mwaka zinatosha, na ukiwa pale angalia viganja na ndani ya kope kama vimepauka, kwa sababu utafiti uleule wa 2016 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wadogo wana upungufu wa damu na wengi wao wanacheza kama kawaida. Hapa katikati mwangalie wewe mwenyewe: miezi 18 hatembei, miaka 2 haungi hata maneno mawili, hageuki ukimwita kwa nyuma, usisubiri Oktoba.

Akianza shule, mimi sioni sababu ya kumpeleka kila mwaka kama hana kitu. Marekani madaktari wa watoto wanataka kila mwaka, lakini kule bima inalipa na ratiba ile imetengenezwa kwa ajili ya kule. Hapa mpime macho kabla ya P1 (darasa la kwanza), sikiliza masikio kama yanatoa usaha, wasichana wa miaka 10 wapate chanjo ya HPV (ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi). Na koo lichukulie kwa uzito. Kule Gulu watafiti walichukua watoto na vijana 818 ambao moyo ulikuwa umeanza kuharibika bila wao kujua, ule ugonjwa unaotokana na koo lisilotibiwa, na matokeo ya 2021 yalionyesha waliopata sindano ya penisilini kila mwezi, 3 tu ndio walizidiwa ndani ya miaka 2, wasiopata walikuwa 33. Sisemi kila mtoto apigwe picha ya moyo, haiwezekani, nasema koo linalouma na homa bila mafua lipelekwe, na viungo vinavyouma leo goti kesho kiwiko muone daktari.

Sasa kitu ambacho ningekataa: pakeji za kliniki za kuchukua damu kupima kila kitu kwa mtoto asiyeumwa. Kipimo cha Widal cha taifodi kinaweza kusema ndiyo kwa mtu ambaye hana taifodi, na kile cha haraka cha malaria kinaweza kubaki na mistari miwili wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa hiyo unatoka pale na mfuko wa antibayotiki za ugonjwa ambao haupo. Mtoto mzima apimwe uzito, urefu, macho na sikoseli. Damu ya malaria na taifodi ni ya mtoto mwenye homa.

Kwa ndugu zetu walio kwenye kambi za wakimbizi za Nakivale, Kyaka II na Kyangwali, vituo vya kambini ni bure na ratiba ni hiyohiyo. Kama kadi ilibaki Kongo, sema ukweli, watakuandikia mpya na kuendelea pale inapowezekana, na kama sista hasikii Kiswahili omba VHT anayekisikia akae nawe wakati wa maelezo. Kadi mpya ukiipata, ipige picha pande zote mbili na simu, itume pia kwa baba mtoto au kwa bibi yake.