Igawe timu kabla haijakushinda

Niliwahi kuongoza timu ya watu 12, na ripoti ya mwezi ikachelewa siku tisa ilhali ilikuwa imekwisha kuandikwa. Ilikaa tu kwenye kompyuta ya mwandishi wake. Yeye alidhani mhariri ataituma, mhariri alidhani nitaituma mimi, nami nilidhani imeshakwenda. Mvivu hakuwepo. Kosa lilikuwa langu: kwenye ratiba niliandika "timu itatuma".

Kwa hiyo anzia hapo. Kila kazi iwe na jina la mtu mmoja; si idara, si "sisi". Wasaidizi hata wawe watatu, wa kuulizwa ni mmoja. Andika pia mambo anayoweza kuamua bila kukuuliza, maana ukimpa mtu jukumu ukamnyima mamlaka, umemtwisha lawama tu.

Kisha tazama idadi. Watu 5 wana jozi 10 za kuwasiliana. Watu 12 wana jozi 66! Ndiyo maana kikao chetu kilizungumzwa na wanne, wengine wakichungulia simu. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann alichapisha mwaka 1913 majaribio ya kuvuta kamba: kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo mchango wa kila mmoja ulivyopungua. Mimi niliwagawa wanne wanne, kila kikundi na kiongozi wake. Jozi za ndani zikabaki 18, na za viongozi 3.

Ila usigawe kwa fani, waandishi huku, wahariri kule. Nilianza hivyo, nikajitengenezea foleni. Kila kikundi kiwe na watu wa kuifikisha kazi mwisho.

Vikao? Dakika 15, kila mtu aseme kinachomkwamisha. Yaliyokwisha yasomwe kwenye ratiba.

Penye kupokezana ndipo kazi hupotea, kwa hiyo hapo nilikuwa mkali. Hujakabidhi mpaka mwenzako ajibu kwa maandishi: "Nimepokea, nitamaliza Alhamisi." Jibu la "sawa" peke yake nililikataa, kwa kuwa "sawa" huweza kuwa nimeona, nimekubali, au niache kwanza. Wiki ya kwanza walinicheka. Wiki ya pili nilimtumia mhariri yuleyule jibu la haraka, "sawa", naye akanirudishia papo hapo: "Sawa ya lini, bosi?"