Somo: Mdomo wa roboti unaozoa mipira bila kuiswaga

Kabla hujashika bisibisi, mtazame muuza juisi ya miwa, awe wa Mwembe Tayari au wa Kongowea. Hausukumi muwa kwa nguvu. Anaugusisha tu kwenye mashine, na zile rola zinaupokea na kuuvuta zenyewe, kwa sababu nafasi kati yao ni ndogo kuliko muwa na hazisimami kuzunguka. Kubana na kuvuta: mdomo wa roboti hauna siri nyingine. Yaliyobaki ni vipimo, na vipimo ndivyo vilivyotuaibisha sisi. Roboti yetu ya kwanza ilikuwa na rola nzuri, ikizunguka bila kelele, na bado iliswaga mipira uwanjani kama mtoto anayefukuza kuku. Tukalaumu mota, tukalaumu betri. Kosa lilikuwa la hesabu. Liko kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Pima mpira wenyewe

Mpira wa tenisi kwa kanuni una kipenyo cha kati ya sentimita 6.54 na 6.86, lakini ile tunayofanyia mazoezi imeshachakaa. Pima kumi. Ule mdogo kabisa ndio wa kupangia ubano. Ule mkubwa ndio wa kupangia upana wa njia. Soma na kanuni za mashindano yako: kwenye FIRST Tech Challenge, mashindano ya roboti ya wanafunzi, kwa mfano, roboti huanza mchezo ikiwa ndani ya inchi 18 kila upande, kwa hiyo mdomo unaochomoza mbele lazima ukunjike kwanza, ushuke mchezo ukishaanza.

Hatua ya 2: Nafasi na ulaini

Rola inakaa juu, ikivuta kuelekea ndani; chini kuna sakafu ya mteremko. Kwa mpira wa milimita 67, acha nafasi ya 60 hivi kati ya rola na sakafu. Ukibana kidogo mno, rola inateleza juu ya mpira. Ukibana mno, mota inalemewa.

Rola iwe laini, na hapa Mombasa ulaini hauna gharama. Ndara kuukuu za mpira zinafaa sana. Chora miduara ya sentimita 5 kwenye soli (mdomo wa kikombe kidogo cha kahawa chungu unakaribia hapo, ila pima kwanza), ikate, itoboe katikati, uipange kwenye shafti (fimbo inayozungusha rola) kama mishikaki, ukiacha nafasi ya vidole viwili kati ya duara na duara.

Usiikaze rola mahali pamoja. Iweke kwenye mikono miwili yenye bawaba, ivutwe chini na ukanda wa tyubu ya baiskeli, na uweke kizuizi ili isishuke chini ya milimita 55. Mpira mkubwa ukija, rola inainuka. Mdogo ukija, inaufuata.

Hatua ya 3: Kasi

Weka kalamu ya mviringo mezani, weka rula juu yake, sukuma rula polepole. Rula ikienda sentimita 10, kalamu imeenda 5 tu. Mpira ulio kati ya rola na sakafu ni ile kalamu: unasafiri kwa nusu ya kasi ya uso wa rola.

Rola yetu ya sentimita 5 ilikwenda sentimita 15.7 kila mzunguko. Mota ilizunguka mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde, basi uso wa rola ulikwenda sentimita 78.5 kwa sekunde. Roboti ilikwenda 60. Tukaona rola imeshinda, hakuna neno. Kumbe mpira ulipanda mteremko kwa 39 tu! Wa kwanza unaingia, wa pili unamkuta mwenzake bado yuko mlangoni, wanasuguana, na wa tatu unasukumwa mbele.

Kwa hiyo kasi ya uso wa rola iwe angalau mara mbili ya kasi ya roboti. Kwetu ilikuwa sentimita 120 kwa sekunde, karibu mizunguko 460 kwa dakika. Tuliweka gia ya meno 20 kwenye mota na ya meno 12 kwenye rola, tukapata 500. Gharama yake ni kwamba nguvu ya kuzungusha inapungua hadi tatu kwa tano, basi usizidishe ubano.

Hatua ya 4: Mlango

Ukingo wa chini uwe mwembamba. Plaiwudi nene ni ngazi mbele ya mpira. Bati la plastiki la polikaboneti la milimita 2 linatosha, na likigonga ukuta linapinda badala ya kupasuka.

Hatua ya 5: Jaribu vibaya

Usijaribu mpira ulio katikati peke yake. Jaribu wa pembeni, ulioegemea ukuta, ulio kwenye kona, na miwili pamoja. Rekodi kwa simu, kisha itazame video polepole. Sisi tuliona kosa letu hapo, si kwa kubishana.

Maswali ya wanachama

Mwanafunzi, Likoni: Shikamoo mwalimu. Kwa nini tusitumie mkono wa kushika tu?

Marahaba. Mkono unashika mmoja na unataka shabaha. Rola pana inamsamehe dereva. Kama kitu ni kimoja na kina umbo la ajabu, hapo mkono una haki yake.

Mwanafunzi, Changamwe: Mipira miwili ikija pamoja inakabana kooni, haiendi mbele wala nyuma.

Koo lenu linabana sawasawa pande zote mbili, ndiyo maana mipira inaegemeana kama tao. Vunjeni usawa: upande mmoja uwe wima, mwingine mshazari. Wekeni pia kitufe cha kurudisha rola nyuma, kwani mota iliyokwama huku ina umeme huungua.

Mwanafunzi, Kisauni: Na mpira mgumu wa plastiki wenye matundu?

Huo haubonyei, kwa hiyo ulaini wote uwe kwenye rola. Ongeza unene wa mpira laini wa rola, usiongeze nguvu.

Mzazi, Tudor: Mwalimu, kijana ameshakata ndara mbili za babake, na moja ilikuwa mpya. Hakuna kitu kingine?

Kipo, mama, na pole sana. Paipu ya plastiki iliyozungushiwa tyubu ya baiskeli inafanya kazi, ingawa ni ngumu kidogo. Ila zilizokwisha kukatwa usizitupe; mpe aje nazo Jumamosi.