Wakala wa safari kafunga ofisi na hela yako imo ndani? Anzia hapa

Jumatatu moja asubuhi mamdogo kanipigia simu analia, kaenda kwa wakala aliyemkatia safari ya Umra akakuta kufuli, bango limeshushwa, na watu kama thelathini wamekaa barazani kwa jirani hapo Ngamiani, Tanga, kila mtu na risiti yake mkononi. Alishalipa 4,800,000 kwa awamu tatu, hela za vitumbua na maandazi ya Makorora hizo, na safari ilibaki wiki tano. Niliyojifunza miezi ile ya kukimbizana naandika hapa maana najua kuna mtu saa hii yuko kwenye baraza kama ile na hajui pa kushika.

Cha kwanza, acha kumpigia bosi. Hapokei. Sisi siku mbili nzima ziliishia hapo, watu wanabadilishana namba zake, mwingine anasema kaonekana Raskazone, mwingine anasema kashavuka mpaka wa Horohoro kaingia Kenya, na kumbe muda huo ndo ulikuwa wa kuuliza hela imefika wapi. Kwa sababu ukilipia pakeji hela haikai sehemu moja, inagawanyika, kuna ya tiketi ya ndege, kuna ya viza, kuna ya hoteli Makka na Madina, kuna ya basi la kule, na kuna faida ya wakala mwenyewe. Kila kipande unakifuatilia kwa mtu wake. Kilichoshatoka mikononi mwa wakala kinaweza kuokolewa, kilichobaki kwake ndo cha kugombania.

Anza na tiketi maana ndo kipande kikubwa na ndo kinachowahi kufa. Toa ile karatasi uliyopewa uisome taratibu. Utaona msimbo (code) wa herufi na namba, jumla sita, hiyo ni bukingi tu, umeshikiwa siti, haina maana kwamba imelipiwa. Unachotafuta ni namba ya tiketi, ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinakuambia ni shirika gani, 071 ni Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar, 197 Air Tanzania. Karatasi ya mamdogo ilikuwa na zile sita tu, imepambwa picha ya Al-Kaaba pembeni na jina lake kwa herufi kubwa, tukajua imekula kwetu. Tukapiga simu shirika la ndege lenyewe, dada wa upande wa pili akaniuliza jina la kwenye pasi, akanyamaza kidogo, halafu akaanza kunisomea namba nami naandika nyuma ya bahasha ya sukari, zikafika 13. Tiketi ilishatolewa siku tisa kabla ya ofisi kufungwa, wakala hakuwa amempa tu. Lakini kwenye baraza ile ile kuna mzee na wake zake wawili bukingi zao hazikuwahi kulipiwa, siti zilishajifuta. Kwa hiyo usikate tamaa wala usishangilie kabla hujapiga simu.

Ukikuta tiketi ni hai, hapa nakuomba unisikilize vizuri, usikimbilie kusema nataka refandi, yaani kurudishiwa hela. Tiketi iliyokatwa na wakala refandi yake kwa kawaida inarudi kulekule malipo yalikotokea, yaani kwa wakala, na wakala ndo huyo kafunga. Utakuwa umeua tiketi nzuri na hela imeingia kwenye shimo. Wewe waombe waweke namba yako ya simu na imeili yako kwenye bukingi, waulize tiketi iko wazi kwa matumizi au kuna mtu keshaigusa, na kama tarehe haikufai uliza gharama ya kubadilisha uwalipe wao moja kwa moja. Andika jina la aliyekuhudumia na saa. Refandi iombe pale ambapo ndege yenyewe imefutwa au huwezi kabisa kusafiri, na uombe kwa maandishi, ueleze wakala kafunga, uambatanishe picha ya lile kufuli na risiti zako, uwaombe walipe kwako. Wanaweza kukuzungusha waseme rudi kwa wakala wako, wewe jibu kwa maandishi kwamba wakala hayupo tena na omba suala lipelekwe kwa mkubwa wao. Wakikaa kimya kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na lile baraza lao la watumiaji, malalamiko ya abiria wa ndege yanapelekwa huko.

Hoteli ni simu moja tu. Waulize jina lako lipo, na je imelipwa au imeshikiwa tu. Ya mamdogo ilishikiwa tu, haikulipwa hata riali. Hela ya viza ikishatoka usiihesabu tena.

Sasa ulilipaje? Kama ulilipa kwa kadi ya Visa au Mastercard, hata kama ni ya kawaida ya akaunti, nenda benki leo ujaze fomu ya kupinga muamala kwamba huduma uliyolipia haikutolewa. Muda wake mara nyingi ni siku 120 kuhesabu toka siku ya huduma, ila usizisubiri. Kama ulilipa kwa simu, piga simu kwa mtandao wako siku hiyohiyo ingawa mpokeaji akishatoa hela hawawezi kukurudishia, na bado omba taarifa ya miamala yenye mhuri maana huo ni ushahidi mzuri kuliko risiti ya kuandikwa kwa mkono. Ulitoa keshi bila risiti? Fukua meseji. Mamdogo ile awamu ya pili, 2,000,000, hakuwa na karatasi yoyote, tukakuta kwenye simu yake "nimepokea mama, Allah akutakabalie", ikasimama kama risiti.

Na kama ni ndugu yako aliyeko Uingereza ndo kakukatia pakeji kule kule, mwambie aangalie kama alipewa cheti cha ATOL, wenzetu wana mfuko wa kulinda abiria wa pakeji za ndege, ndo uliotumika Thomas Cook ilipoanguka Septemba 2019 watu kama 150,000 wakarudishwa makwao. Huku kwetu usiutegemee.

Kilichobaki kwa wakala kina njia mbili na ni muhimu kujua uko kwenye ipi. Akiwa kafilisika kweli, hilo ni deni, ni la madai, unaandika barua, unakwenda mahakamani, au akiteuliwa mfilisi, yule anayekusanya mali ya aliyefilisika na kuwagawia wanaomdai, unapeleka madai yako kwake. Akiwa alipokea hela huku anajua hana safari ya kukupeleka, hiyo ni jinai, nenda polisi ufungue kesi, chukua RB, ile namba ya taarifa yako pale kituoni. Polisi wanaweza kukuambia hili la madai, basi wewe nenda na tarehe, mfano huyu wetu alipokea awamu ya mwisho ya mtu Ijumaa na Jumapili usiku kahamisha meza na kompyuta, jambo la namna hiyo lisemwe mapema kabisa na mkiwa wengi.

Kabla ya barua lipia upekuzi BRELA, wanaosajili makampuni, jina la bangoni si lazima liwe ndilo la kampuni, na pale ndo utawaona wakurugenzi. Barua yenyewe iwe fupi, sisi tuliandika hivi: "Tarehe fulani nililipa kiasi fulani kwa ajili ya safari ya tarehe fulani. Huduma haijatolewa na ofisi imefungwa. Nadai kurejeshewa kiasi hiki ndani ya siku 14, kinyume chake nitafungua madai mahakamani." Nakala moja ibaki kwako ikiwa imesainiwa na aliyeipokea. Peleka nakala pia Tume ya Ushindani, FCC, wanashughulika na haki za mlaji.

Jiandae pia, wiki ya tatu mamdogo kapigiwa na mtu anajiita ofisa wa mfilisi, anajua jina lake na kiasi alicholipa, anataka 85,000 ya kufungua faili. Namba zilivuja kwenye grupu la WhatsApp tulilofungua wenyewe. Mfilisi hakudai ada kwa simu, kwa hiyo picha za risiti na pasi msirushe kwenye grupu, mpeni mtu mmoja mnayemwamini aziweke kwenye jedwali.

Mamdogo alikwenda Umra kwa tiketi ileile, hoteli tukachangishana ndugu. Anadai 1,900,000 bado, na kwa mfilisi wanaotangulia ni benki zenye dhamana, mishahara na kodi, wateja tuko mwisho. Fomu yake ya madai tumeipeleka kwa mfilisi na nakala tu za risiti, halisi zimebaki nyumbani, na nakala yetu imegongwa mhuri wa kupokelewa.