Watoto wakisharudi dakhalia: namna ya kukaa na ukiwa wa nyumba

Januari hii nimemsindikiza kitinda mimba wangu Mkoani, kwenye boti ya Unguja, kwa mara ya tatu. Kutoka kwetu Kiuyu Mbuyuni mpaka bandarini ni kuikata Pemba nzima, kaskazini hadi kusini, kwa hiyo tulitoka na gari ya alfajiri, begi lake juu ya keria, ndoo yake ya sabuni na kashata mapajani mwangu. Boti ikaondoka. Nikarudi peke yangu, nikafika nyumbani alaasiri, na kitu cha mwanzo nilichokiona ni ndara zake za chooni pale mlangoni, moja imepinduka kama alivyoivua. Nilikaa kizingitini, sikuingia ndani mpaka Magharibi.

Naandika kwa mzazi ambaye sasa hivi yuko hapo kizingitini. Mkubwa wangu yuko Tunguu, Chuo Kikuu cha Taifa. Huyu kitinda mimba, wa kike, yuko dakhalia, yaani skuli ya bweni, Unguja mjini, kidato cha tatu. Nimebaki na baba yao. Mwaka wa kwanza niliumia sana, kwa sababu sikujua la kufanya, na zaidi kwa sababu sikuona kama nina haki ya kuumia.

Anzia hapo. Kwetu mtu akifiwa tunamwendea, tunamwambia "makiwa". Neno hilo limetoka kwenye ukiwa: tunamwambia tunajua kwamba nyumba yake imepata pengo. Mama aliyempeleka mtoto skuli haambiwi makiwa, anaambiwa hongera. Na ni hongera kweli, mimi mwenyewe sikupata kusoma mbele ya darasa la saba. Lakini pengo liko palepale na halina neno lake. Kwa hiyo mtafute mtu mmoja umwambie wazi: "Nyumba imenilemea." Si lazima awe na dawa. Mimi nilimwambia wifi yangu tunapara samaki, akanyamaza kidogo, kisha akasema yeye mwanawe alipokwenda Unguja alilala na shati lake mwezi mzima. Tumekaa ua mmoja miaka 18 na sikuwa nikilijua hilo.

Jikoni

Jikoni ndiko utakakoumia mwanzo, maana mkono una mazoea. Mimi nilizoea kupima kibaba na nusu cha mchele. Siku ya kwanza nikapima vilevile, tukala watu wawili, sufuria ikabaki imejaa, nikalia mbele ya sufuria. Usipime kwa mazoea. Shika kibaba, pima upya. Nusu kibaba inatutosha mimi na mume wangu. Ile sufuria kubwa ifunge juu ya dari kabisa usiione kila asubuhi, chukua ndogo.

Ila usiache kupika anachokipenda mtoto. Mimi niliacha muhogo wa nazi kwa papa kwa sababu ndicho chakula cha binti yangu, nikadhani najikinga. Matokeo yake kikawa chakula kama cha msiba, hata harufu yake kwa jirani ikinikata maini. Sasa nakipika kila Ijumaa, na sahani moja naipeleka mwenyewe kwa bibi mmoja mtu mzima anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nenda mwenyewe, usimtume mtoto wa jirani. Sahani haina haja ya mazungumzo marefu, lakini hurudi na kitu, ndizi mbili au kipande cha shelisheli, na wewe unarudi umeshasema maneno kumi na mtu.

Ijue saa yako, na uyajue maji yako

Ukiwa hauji siku nzima. Una saa zake. Kwa wiki moja angalia ni saa ngapi unakuingia, maana ukishaijua saa unaweza kuitegea. Saa yangu ni baina ya Magharibi na Isha. Ndio wakati binti alipokuwa akirudia masomo ya chuo cha Qur'ani mbele yangu, nami nikimsahihisha. Saa hiyo usiiache tupu, na usiijaze kwa kazi ya peke yako. Kufua au kufagia hakusaidii, mikono inakwenda na moyo unabaki. Iwekee jambo lenye mtu mwingine ndani yake. Mimi nakwenda kwa yule bibi, macho yake hayaoni tena maandishi, ninamsomea Qur'ani kurasa mbili tatu naye hunikosoa makharij, matamshi ya herufi. Nikitoka hapo adhana ya Isha inalia.

Sasa hili la maji ndilo lililonichukua muda mrefu kulitambua. Mimi ni mkulima wa mwani. Bamvua likiingia, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hutoka mbali na kwetu huwa makavu saa nne za asubuhi au karibu yake. Siku hizo tuko pwani wanawake wote, tunafunga mbegu kwenye taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, tunakaza kamba, tunasemezana kutoka shamba hadi shamba. Narudi nimechoka, nalala. Wala siukumbuki ukiwa. Lakini baina ya bamvua na bamvua kuna maji mafu, siku saba hivi ambazo bahari haikauki vya kutosha na shamba haliingiliki. Mwaka wa kwanza kila maji mafu mimi nilianguka. Nilidhani nina maradhi ya kuja na kwenda. Kumbe ni kalenda tu: siku za kazi nilikuwa na watu, siku za maji mafu sikuwa na mtu.

Pengine wewe hulimi mwani. Pengine unauza duka mjini Chake Chake, na maji mafu yako ni Jumapili, au ni likizo ya kazini, au ni msimu ambao karafuu hakuna. Yatafute, uyaandike kabla hayajafika. Mimi siku zangu za maji mafu nimezipangia hivi: siku mbili za kusuka ukili barazani kwa wifi, siyo ndani kwangu, siku moja ya kikundi chetu cha hisa, siku moja ya kwenda Micheweni au Konde hata kama sina la kununua ila chumvi. Zilizobaki nazilalia, na sijilaumu.

Mwani pia umenisaidia kuhesabu. Huchukua kama wiki sita toka kuufunga hadi kuuvuna. Kuhesabu siku mpaka Juni kunachosha roho, ni nyingi mno. Kuhesabu mavuno kunawezekana. Kaskazi hii nimefunga mwembamba tu, maana ule mnene haustahimili joto la maji ya miezi hii. Nikishavuna mara tatu, binti yangu anakaribia kufunga skuli.

Baba yao

Wanaume wa kwetu hawasemi. Mume wangu alianza kuchelewa barazani, akirudi anakula kimya na kulala, nikadhani hana habari na mtoto. Siku moja nikamkuta anatengeneza mguu wa kiti cha kusomea cha binti, kiti ambacho hakina mtu wa kukikalia. Usimuulize mwenzio "una nini?" Mpe la kufanya kwa ajili ya mtoto: aende yeye kutuma pesa za matumizi, yeye ndiye apige simu wiki hii. Na kuleni pamoja, sinia moja, hata kama ni uji.

Simu

Hapa nimekosea vibaya, nataka usikosee wewe. Watoto dakhalia hawaruhusiwi simu, tunapiga kwa mlezi Jumapili, dakika chache. Muhula wa kwanza nilipiga nikilia. Nikamwambia mwanangu nyumba haikaliki bila yeye. Akaacha kula siku tatu, mlezi akanipigia kuniuliza kuna msiba gani nyumbani. Nilijuta mpaka leo najuta. Mtoto wa miaka 14 hawezi kubeba ukiwa wa mama yake na hesabu za aljebra pamoja.

Kwa hiyo lia kwanza, kisha upige. Weka daftari dogo, wiki nzima andika humo vitu vya kumhadithia: mbuzi kazaa, mwembe wa nyuma umeangusha tawi, shoga yake kaolewa. Muulize jambo moja la skuli linalohitaji jibu refu. Mwombee dua asikie, funga. Ukimwambia umemkumbuka, mwambie mara moja, kwa sauti ya kawaida.

Miaka hii Ramadhani inaingia katikati ya muhula wa mwanzo, na futari ya kwanza bila watoto ni nzito kuliko siku ya boti. Usifuturu ndani. Toa mkeka uani, ita jirani, kila mtu aje na chake.

Ukiona usingizi umekatika, chakula hakipiti, huna hamu na lolote takriban kila siku kwa wiki mbili na zaidi, hilo si jambo la kusuka ukili. Nenda kituo cha afya, mweleze daktari kama unavyomweleza homa. Wengi wetu tukisikia maradhi ya moyo kuinama, yaani sonona, tunafikiria Kidongo Chekundu tu, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Unguja, tunaogopa, tunakaa nayo ndani. Maradhi haya yanatibika, na mara nyingi mtu hutibiwa huku anakaa kwake. Na ikikupitia fikra ya kujidhuru usingoje hata siku moja, mwamshe mtu akupeleke.

Zile ndara nimeziosha, nimezisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chake. Bamvua linaanza keshokutwa, taitai zangu bado sijamaliza kuzikata.