Penseli Nzuri: Kuichagua, Kuichonga na Kuiandikia

Wengi huiacha penseli mara tu wanaporuhusiwa kalamu ya wino shuleni, na wakiirudia ukubwani ni kwa kupiga mstari au kujaza fomu. Mara nyingi kilichowachosha ni penseli mbovu: ngumu, yenye maandishi ya kijivu, inayokwaruza karatasi na kukatika kila ikichongwa.

Usinunue boksi zima. Nunua tatu za kampuni moja: HB, B na 2B, alama za ugumu zinazoandikwa kwenye penseli, kuanzia ngumu hadi laini. Staedtler Mars Lumograph na Faber-Castell 9000, ambayo imekuwepo tangu 1905, ni za kuaminika. Za Kijapani kama Mitsubishi Hi-Uni na Tombow Mono 100 huteleza zaidi, na bei yake hupanda vivyo hivyo. Kijiti cheusi cha ndani, yaani kiini, ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi kisha ikachomwa, njia aliyoipatia hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) Nicolas-Jacques Conté huko Ufaransa mwaka 1795. Udongo ukizidi, kiini huwa kigumu na maandishi hupauka: hizo ndizo H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi: hizo ndizo B. Ila kila kampuni ina kipimo chake, na HB ya Kijapani mara nyingi ni nyeusi kuliko ya Kijerumani. Kwa kuandika, wengi hutulia kwenye B.

Dukani, itazame penseli kwa kitako au kwa ncha. Kiini kiwe katikati kabisa. Kikiegemea upande, kichongeo kitaacha mbao upande mmoja hadi karibu na ncha, na mbao hiyo ndiyo itakayokwaruza karatasi. Mistari ya mbao nayo iende sambamba na penseli; ikikata mshazari, mbao itapasuka wakati wa kuchonga.

Tumia kichongeo cha chuma ambacho wembe wake unafunguliwa kwa bisibisi na kubadilishwa. Zungusha penseli taratibu bila kuisukuma. Ganda likitoka kama utepe mrefu, wembe ni mzima. Likitoka kama unga, wembe umekwisha, na ndio unaovunja ncha. Kwa HB, acha kiini kitokeze milimita 5 hivi. Kwa 2B, 3 zinatosha, maana ni laini. Kisha zungusha ncha mara mbili tatu juu ya karatasi chakavu ili ile sindano ya mwisho iondoke, la sivyo itakatika kwenye herufi ya kwanza.

Penseli ikianguka sakafuni, kiini huweza kuvunjika ndani kwa ndani huku mbao ikionekana nzima. Utachonga, kipande kitadondoka. Utachonga tena, kingine. Hapo usilaumu kichongeo: endelea kuchonga hadi uvuke sehemu iliyovunjika.

Ishike sentimita 3 hivi kutoka kwenye ncha, na usikandamize. Kalamu ya wino wa mafuta hutufundisha kukandamiza kwa sababu kijigololi chake hakina budi kubiringika; penseli inatosha kuguswa tu na karatasi. Kila baada ya mistari miwili au mitatu izungushe kidogo vidoleni, ncha ilike pande zote.

Karatasi nayo ina neno lake. Iliyong'aa haishiki grafiti. Iliyo na mparuzo mwingi huila ncha upesi. Pwani, msimu wa mvua, daftari huvuta unyevu na kulainika, na penseli ngumu huchimba mfereji badala ya kuacha rangi. Hamia 2B, na daftari lihifadhi kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

2B hupaka, hasa kwa anayeandika kwa mkono wa kushoto. Weka kipande cha karatasi chini ya kiganja na uandike upande mmoja tu wa kila karatasi. Raba iwe nyeupe, ya plastiki. Ile ya kwenye kitako cha penseli hukauka ikikaa muda mrefu, ikaanza kutia doa badala ya kufuta. Ijaribu kwanza pembeni.

Penseli ikibaki chini ya sentimita 7, mkono huanza kuchoka. Ivishe kishikio cha chuma, au izungushie karatasi ngumu na uifunge kwa seloteipu, uendelee nayo.