Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuipeleka Familia Kolkata, Darjeeling na Gangtok

Anayepanga kuwatembeza watoto na wazee mashariki mwa India anapanga safari mbili ndani ya moja. Kolkata iko karibu na usawa wa bahari, na joto lake na msongamano wake havitamshangaza sana mtu wa Dar es Salaam au Mombasa. Darjeeling, ambako mtu hufika baada ya usiku mmoja wa treni na saa tatu hivi za gari, iko mita 2,000 na ushei juu ya usawa huo, na usiku wake wa Januari hukaribia nyuzi sifuri. Mengi yanayoiharibu safari hii huanzia nyumbani, pale mzazi anapochagua tarehe bila kuuliza habari za mvua, au anapoijaza ratiba yote bila kubakiza hata siku moja ya akiba.

Basi jambo la kwanza ni tarehe. Upepo wa kusi, ambao zamani uliyasukuma majahazi kutoka pwani yetu hadi Bara Hindi, ndio huo huo unaozibeba mvua kubwa za Bengal na Himalaya kuanzia Juni hadi Septemba. Kwa familia za Tanzania jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu likizo ya katikati ya mwaka huangukia Juni, wakati milima imeanza kufunikwa na mawingu na udongo wa miteremko unaanza kuporomokea barabarani. Kwa maoni yangu Juni iachwe kabisa, na familia isubiri Desemba, wakati anga huwa safi na mlima Kangchenjunga wenye mita 8,586 huonekana asubuhi nyingi. Familia za Kenya zina pia likizo ya Aprili, wakati maua ya rododendroni yamechanua. Septemba au Oktoba huwa na Durga Puja, sherehe kubwa ya Wahindu, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2021 katika orodha yake ya urithi wa utamaduni, lakini siku hizo hoteli na treni hujaa mno, na kumshika mtoto mkono katika umati ule ni kazi ya kutwa nzima.

Vyeti na vibali vinahitaji utulivu kuliko haraka. Viza ya utalii huombwa mtandaoni katika tovuti rasmi ya serikali ya India, na kila mtoto, hata mchanga, huombewa ya kwake. Zipo tovuti za watu binafsi zinazofanana na hiyo ambazo hutoza ada ya ziada, kwa hiyo anwani isomwe herufi kwa herufi. Majina yaandikwe kwa mpangilio ule ule wa pasipoti, na pasipoti iwe na angalau miezi sita ya uhai na kurasa mbili tupu. Fomu huuliza pia kama wazazi au babu na bibi walikuwa raia wa Pakistan. Wapo ndugu zetu wenye asili hiyo, nao hawaruhusiwi kutumia njia ya mtandao bali hupeleka maombi ubalozini, ambako kusubiri ni kurefu zaidi. Tangu Oktoba 2025 wageni hujaza pia kadi ya kuwasili ya kielektroniki ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Mzazi anayesafiri na watoto bila mwenzake, hasa mama ambaye jina lake halifanani na la watoto, abebe vyeti vya kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi wa pili.

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ni suala ambalo maofisa wa India hawalifanyii mzaha. Abiria anayetoka au kupitia nchi zilizo katika orodha yao, ikiwemo Kenya na Uganda, akikosa kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na chanjo huhesabiwa kuwa halali siku ya kumi baada ya kudungwa. Mtanzania anayebadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa asijidanganye kwamba hayamhusu.

Wengi hufika kwa kupitia Mumbai au miji ya Ghuba. Ukiingilia Mumbai, hapo ndipo unapogongewa muhuri, unachukua mizigo yako na kuikabidhi upya kwa ndege ya ndani. Saa mbili za kubadilisha ndege hazitoshi kwa familia yenye watoto. Tiketi ya ndani iliyonunuliwa peke yake kwa kawaida huruhusu kilo 15 tu za mzigo mkubwa, na familia iliyobeba makoti hupitisha kiwango hicho upesi.

Kutoka Kolkata kwenda milimani napendekeza treni ya usiku, kutoka kituo cha Sealdah hadi New Jalpaiguri. Tangu Novemba 2024 tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari, na za msimu wa likizo hazikawii kuisha. Mtoto aliye chini ya miaka mitano hatozwi nauli ikiwa hapewi kitanda. Wa miaka mitano hadi kabla ya kumi na miwili hulipiwa nusu bila kitanda na nauli kamili akiwa nacho, na kwa usiku mzima kitanda ni lazima. Daraja la 2A, yaani la vitanda vya ngazi mbili lenye kiyoyozi, lina mapazia na vitanda vichache, linamfaa bibi au babu, ambaye aombewe kitanda cha chini. Tiketi iliyoandikwa WL ni ya kusubiri: isipothibitishwa, huna safari, hata kama umeilipia. Treni ndogo ya Darjeeling, iliyokamilika mwaka 1881 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1999, nayo ikatiwe nafasi mapema; safari fupi ya kwenda na kurudi hadi Ghum, kituo cha reli kilicho juu kuliko vyote India kwa mita 2,258, inawatosha watoto.

Barabara za milimani ndizo zinazostahili fikra nyingi zaidi. Magari ya abiria ya Siliguri, mji wenye kituo cha New Jalpaiguri, husubiri kujaa kama Noah na Probox za kwetu, na familia ya watu watano itapumua vizuri zaidi ikikodi gari zima. Barabara ya Gangtok, mji mkuu wa jimbo la Sikkim, hufuata bonde la mto Teesta, na bonde hilo halitabiriki: tarehe 4 Oktoba 2023 ziwa South Lhonak, lililotokana na barafuto (mto wa barafu), lilipasua kingo zake, maji yakalibomoa bwawa la Chungthang na kuikata barabara yenyewe. Inapofungwa, magari huzungushwa kupitia Kalimpong na Lava, na saa kadhaa huongezeka. Kwa sababu hiyo usipange kamwe kushuka kutoka Gangtok siku ile ile ya ndege ya kurudi nyumbani. Laleni Siliguri au Kolkata usiku mmoja kabla.

Mgeni anayeingia Sikkim huhitaji kibali, ambacho hupatikana mpakani Rangpo kwa nakala za pasipoti na viza pamoja na picha ndogo. Chapisha seti ya kila mmoja ukiwa nyumbani, na mkitoka hakikisheni kutoka kwenu kumeandikishwa. Kwenda ziwa Tsomgo kunahitaji kibali cha pili kupitia wakala aliyesajiliwa, na mgeni hapewi akiwa peke yake. Njia ya Nathu La kwenye mpaka wa China ni ya raia wa India tu, kwa hiyo watoto wasiahidiwe.

Kuhusu Tsomgo nina ombi kwa wazazi. Ziwa hilo liko mita 3,753, juu kidogo ya Horombo katika mlima Kilimanjaro, penye mita 3,720, ambapo wapandaji wa njia ya Marangu hufika siku ya pili baada ya kulala Mandara. Kutoka Gangtok, mita 1,650, gari hukupandisha huko kwa saa mbili hivi. Mwanangu mdogo, aliyekuwa na miaka sita, aliumwa kichwa na kutapika kando ya ziwa, nami nikadhani ni kona za barabara. Dereva ndiye aliyesisitiza tushuke mara moja, na tulipofika Gangtok mtoto akaomba chakula. Laleni siku mbili au tatu milimani kwanza, muulizeni daktari kabla kuhusu mwenye pumu, moyo au selimundu, na mtoto mchanga abaki Gangtok na mmoja wenu.

Nguo ziwe za kuvaa moja juu ya nyingine, kwa kuwa vyumba vingi vya hoteli milimani havina kipasha joto, na Tiger Hill, kilima cha Darjeeling cha kutazamia macheo ya Kangchenjunga, huendewa tangu saa 10 alfajiri. India nzima hutumia majira yanayotangulia ya kwetu kwa saa mbili na nusu, lakini Kolkata iko mashariki sana, hivyo Desemba jua huzama kabla ya saa 11 jioni na matembezi yaanze mapema. Victoria Memorial, jumba la makumbusho la Kolkata, hufungwa Jumatatu, na bustani ya wanyama ya Darjeeling, yenye panda wekundu na chui wa theluji, hufungwa Alhamisi.

Hoteli iulizwe kwa maandishi kama inapokea wageni wa nje, kwani kila hoteli hulazimika kuwaripoti kwa serikali na za bei nafuu nyingi hukataa. Plagi za kwetu zenye pini bapa haziingii katika soketi za India. Adapta inunuliwe kabla. Noti za rupia 2,000 zilianza kuondolewa mwaka 2023, zisipokelewe.

Chakula cha halali Kolkata ni tele, hasa mitaa inayouzunguka Msikiti wa Nakhoda, ambao jina lake ni neno letu nahodha, nao ulijengwa na Wamemoni wa Kutch, jamii ya Waislamu wa magharibi mwa India yenye koo Mombasa na Zanzibar pia. Maji yawe ya chupa iliyofungwa, na pakiti za ORS ziwe ndani ya mkoba wa mkononi. Watoto waonywe wasiwachezee nyani na mbwa. Aliyeng'atwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe kuchanjwa siku hiyo hiyo.

Mwisho ni malaria. India ina aina ya vivax, ambayo hujificha ndani ya ini na kuamka miezi baadaye, na dawa mseto tuliyoizoea haiviui vimelea vilivyojificha humo. Kabla ya kuondoka, andika katika daftari la kliniki la kila mtoto tarehe za safari na jina la nchi, ili homa itakapokuja, hata baada ya miezi sita, daktari alione neno India kwanza.